Tumjengee jukwaa msichana wa Garsen

SAUTI YA MTO
Na Hadija Komora

Jioni moja wiki iliyopita, nje ya kibanda cha video pale Garsen, nilimkuta msichana wa miaka kumi na miwili hivi akiwaigizia wenzake filamu aliyoichungulia kwenye tundu la mabati. Hawakuwa na kiingilio. Alijitanda leso akawa bibi kizee. Akaivua, akaiviringa kifuani, ikawa mtoto mchanga, naye akaanza kumlilia. Mama muuza mahamri alisimama mwiko mkononi, mafuta yakifuka moshi.

Nikamkumbuka Lupita Nyong'o. Wengi huanza kumsimulia usiku ule wa Machi 2014 aliponyanyua tuzo ya Oscar kwa 12 Years a Slave. Mimi huanzia Nairobi, alipoigiza Juliet akiwa na miaka 14 na kundi la Phoenix Players. Alikuta mahali pa kuigizia, na wakubwa wa kumwelekeza. Baadaye alifanya kazi nyuma ya kamera wakati The Constant Gardener ikipigwa hapa Kenya, akacheza katika tamthilia ya Shuga, akatengeneza In My Genes kuhusu Wakenya wenye ualbino, ndipo akaenda kusomea uigizaji Yale. Kipaji ni chake, sina ubishi. Lakini hakukitoa gizani peke yake.

Hata mwigizaji Jeanne Moreau wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 2017 akiwa na miaka 89, babake hakutaka kusikia habari za uigizaji. Wazazi wa namna hiyo tunao tele huku. Ila Paris ilikuwa na Comédie-Française, jumba la maigizo lililoanzishwa kwa amri ya mfalme mwaka 1680. Alijiunga nalo 1947, akiwa bado msichana. Mwongozaji filamu Louis Malle alipomweka mbele ya kamera miaka kumi baadaye, alikuwa ameshaiva jukwaani.

Sisi watu wa Mto Tana si wageni wa sanaa. Wimbo wa taifa la Kenya ulitolewa katika wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kubembelezea watoto. Kila gwaride, kila bendera ikipanda, nchi nzima husimama wima kwa sauti iliyotoka mto huu. Nikilifikiria hilo, huniuma kuona binti zetu wakingojea tamasha la maigizo la shule, na shule ikiisha, leso inarudi sandukuni.

Naiomba serikali ya kaunti huko Hola itenge fungu, hata dogo. Sakafu ya saruji na paa, mahali palipoinuka, maana mafuriko ya 2023 tunayakumbuka sote. Na mwalimu wa maigizo anayelipwa mshahara, ambaye watoto wa Kipokomo, Kiorma na Kiwardei watamkuta hapo kila Jumamosi.

Nilipoondoka usiku ulikuwa umeingia na jenereta ya kibanda imezimwa. Watoto wawili walikuwa wamechelewa, basi msichana yule akajitanda leso tena, akaanza upya.