Fungate Diani: Usikope Ili Kulipia Dirisha

Wewe unayefunga ndoa Desemba hii na tayari umejaza picha za Diani kwenye simu, hebu tuongee. Kabla hujatuma dipoziti, niambie: hicho chumba mnamchagulia nani? Nyinyi wawili, au wale watakaotazama status yenu?

Nauliza kwa sababu vile mambo huenda tunajua. Harusi ina kamati, ina michango, ina wajomba na mashangazi. Fungate haina kamati. Hapo ndipo bwana harusi anaingia kwenye apu ya mkopo usiku, anaongeza elfu kadhaa kwa kila siku ili chumba kitazame bahari, na mkewe anakuja kujua wadai wakishaanza kupiga simu. Ndoa ina wiki moja na tayari ina siri ndani.

Msimamo wangu ni huu: chumba cha kutazama bahari ni kizuri, lakini si cha kukopea.

Tuanze na jua. Ufuo wa Diani umeelekea mashariki. Jua huchomoza baharini, halitui huko. Ile picha ya wapenzi wawili na jua jekundu likizama majini hutaipata kwenye roshani yako. Jua linatua nyuma yako, upande wa Ukunda. Utakachopata ni mwanga wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukikupiga usoni kama pazia ni jepesi, na nyinyi mlitaka kulala. Usiku je? Mkirudi chumbani baada ya chajio, bahari ni giza tupu. Na mchana maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mnatazama mchanga na mwani hadi mbali.

Sasa upande wa pili, maana sitaki kukudanganya. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, Pwani kuna joto. Chumba cha mbele hupata upepo ambao cha nyuma, kilichozibwa na majengo na miti, hakipati. Kama hoteli ina feni tu, lipa hiyo tofauti bila kusita. Hapo unalipia usingizi. Lakini kama kuna AC, unalipia picha.

Wazoefu wa meli ndogo za kitalii hupiga hesabu kama hii. Chumba cha juu chenye dirisha kubwa huwa ndicho ghali, lakini mawimbi yakichafuka, anayelala vizuri ni yule wa chini, katikati ya meli, ambako hakuyumbi sana. Uliza kwanza chumba kitakufanyia nini, ndipo uulize kinatazama wapi.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini maswali haya hayahitaji digrii. Kitanda ni kimoja kikubwa, ama ni viwili vimesukumwa pamoja? Chumba kiko mbali kiasi gani na baa na jukwaa la muziki? Wageni wote wanapita mbele ya dirisha lenu wakienda ufuoni? Stima ikipotea, jenereta inawasha AC ama taa tu? Mlango wa roshani unafungika? Usicheke, tumbili wa Diani wanajua kufuata ndizi na sukari hadi ndani. Itisha video ya chumba chenyewe, si cha mfano. Na pesa zitumwe kwa namba ya malipo yenye jina la hoteli, si kwa simu ya mtu binafsi.

Kisha chukueni chumba cha bustani, na ile pesa iliyobaki iwapeleke Shimoni siku moja. Pandeni boti hadi hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, muogelee juu ya matumbawe, mtafute pomboo, halafu mle samaki Wasini. Msimu wa kaskazi maji huko huwa tulivu kuliko wakati wa kusi. Mkitaka kimya kuliko Diani, teremkeni Msambweni. Na ufuo wenyewe ni wa umma: aliyelala chumba cha nyuma anaukanyaga sawa na aliyelala cha mbele.

Kuna wasee watasema, "Life ni moja, bro." Kweli. Lakini hata neno lenyewe lina somo. Kwa Waswahili wa zamani, fungate ilikuwa siku saba za maharusi kukaa ndani, wakiletewa chakula na jamaa za bibi harusi. Hakuna aliyeuliza dirisha linatazama wapi. Maana yake ilikuwa wawili wazoeane bila kuwaza gharama. Sisi tumegeuza: tunaenda mbali, tunalala pazuri, na mmoja anawaza gharama peke yake.

Kwa hivyo kaeni chini wote wawili, simu moja, bajeti moja, kila shilingi mezani. Huenda huu ndio uamuzi wenu wa kwanza wa pesa kama mke na mume. Mkikubaliana kuchukua chumba cha mbele kwa pesa mliyo nayo, nendeni na msiombe mtu ruhusa. Lakini kama mmoja wenu hajui mnalipa ngapi na pesa imetoka wapi, hicho chumba ni ghali, hata kikiwa cha nyuma.