Mbwa niliyemfunga na mbuzi wa jirani

Jumapili ya leo naomba nianze kwa kuungama mbele yako. Kwenye kitubio nimeshakwenda, kwa padre mwenzangu. Lakini kosa lenyewe lilitokea mchana kweupe na mtaa mzima unalijua, kwa hiyo si vibaya nikilisema hadharani: mbwa wangu alimuua mbuzi wa jirani.

Mbuzi huyo alikuwa jike mwenye mimba, mali ya mama mjane anayeishi nyuma ya ukuta wa parokia yetu, pembezoni mwa mji wa Arusha. Mama yule alikuwa na mbuzi watatu tu. Jioni moja pete ya mnyororo ilikatika, mbwa akaruka ukuta, na kabla mpishi wetu hajamaliza kupiga kelele, mambo yalikuwa yamekwisha. Nilipofika, mama alikuwa amekaa chini kando ya mnyama wake, hasemi neno. Vijana walikuwa wameshika mapanga. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anawatuliza, nadhani kwa heshima ya kola yangu tu.

Nilimwambia, “Mama, nisamehe sana.” Akanijibu, “Padre, nimekusamehe. Lakini samahani haikamuliwi maziwa.”

Nilimlipa kwa fedha yangu mwenyewe, maana sadaka ya waumini si ya kulipia uzembe wa paroko. Siku ya mnada tulikwenda pamoja, akachagua mwenyewe mbuzi jike mwenye mimba. Hapo nikadhani deni limekwisha. Lililobaki, nilijiambia, ni kumwondoa mbwa. Nikampigia simu bwana mifugo aje na sindano.

Naomba nieleze mbwa huyu alifikaje kwetu. Miaka miwili iliyopita muumini mmoja alihamishwa kikazi kwenda Dodoma, akaniletea zawadi ya kuniaga. “Padre, mwizi hatakanyaga tena hapa,” alisema. Tulikuwa tumeibiwa spika za kanisa mwezi uleule, nikapokea bila kuuliza swali hata moja. Mbwa alikuwa mzuri kwelikweli: mrefu, kifua kipana, rangi ya ngano iliyoiva, na katikati ya mgongo ana mstari wa nywele zilizoota kuelekea kichwani, kinyume na nywele nyingine zote. Jina lake Simba. Wageni waliokuja ofisini walimsifu, na mimi, Mungu anisamehe, nilizipokea sifa hizo kana kwamba nilimuumba mimi.

Tulimfunga chini ya mparachichi kwa mnyororo wa mita mbili. Ugali na mifupa alipata mara mbili kwa siku, maji alipata. Mwanzoni tulimfungua usiku, lakini alifukua maua ya masista na kuangusha ndoo za mpishi, nikaamuru abaki amefungwa usiku na mchana. Alianza kubweka bila sababu. Akatafuna gome la mparachichi hadi mti ukabaki mweupe. Alizunguka upande huu na ule hadi majani yakafa na ardhi ikawa duara la vumbi. Nikasema: mbwa huyu ni mkorofi.

Bwana mifugo, mzee anayekaribia kustaafu, alifika na mkoba wake. Hakuufungua. Alichuchumaa, akamtazama mbwa shingoni, pale mkanda ulipokuwa umemaliza nywele, akashika kucha zilizorefuka kwa kukosa kusagika ardhini. Kisha akaniuliza, “Padre, huyu anakimbia saa ngapi?”

“Anakula vizuri sana,” nikamjibu.

“Sikuuliza anakula nini.”

Nilinyamaza. Akaendelea taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto wa komunyo ya kwanza. “Huyu ni mbwa wa mawindo. Ukimuua huyu, kesho utaletewa mwingine, na utamfunga palepale.”

Nilikwenda kusoma. Mbwa wa aina hii huitwa Rhodesian Ridgeback, na asili yake ni kusini mwa bara letu. Wakhoikhoi walikuwa na mbwa wenye mstari huo mgongoni. Walowezi wa Kizungu waliwachanganya na mbwa wao wakubwa. Katika miaka ya 1870, mmisionari wa Kiprotestanti aliyeitwa Charles Helm alifika na mbwa wake wawili katika misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwindaji Cornelius van Rooyen akazalisha mbwa wake na hao wa mmisionari, akawatumia kuwinda simba. Mwaka 1922, hapohapo Bulawayo, wafugaji waliitwa na Francis Barnes wakaandika sifa rasmi za aina hiyo. Kumbe mbwa huyu alipita kwenye ua wa misheni muda mrefu kabla hajafika kwangu!

Kazi yake haikuwa kumuua simba. Mbwa gani angeweza? Kazi yake ilikuwa kumfuata kwa mwendo mrefu juani, kumzunguka, kumbabaisha, kumkwepa, na kumzuia pale alipo hadi mwindaji afike. Kwa hiyo alitafutwa mbwa mwenye pumzi ndefu, asiyeogopa, mwepesi wa kugeuka, na anayeweza kuamua mwenyewe bila kusubiri amri. Dume huwa na kimo cha sentimita 63 hadi 69 begani na uzito wa kilo 36 hivi. Mnyama wa namna hiyo, vizazi kwa vizazi vikimwandaa kumkabili simba, mimi nilimpa mita mbili na mparachichi.

Siku hizo nilirudi kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 35 na 36. Kule seminarini sheria hizi tulizipita haraka haraka, tukaona ni mambo ya wafugaji wa zamani. Musa anazungumzia ng'ombe dume aliyemuua ng'ombe wa mtu mwingine. Kama haikujulikana kwamba ana tabia hiyo, wenye mali wanagawana hasara. Lakini kama ilijulikana tangu zamani kwamba hupiga pembe, na mwenyewe hakumtunza ipasavyo, analipa ng'ombe kwa ng'ombe. Sheria inamgeukia mwenye mnyama na kutaka kujua: wewe ulifahamu nini, na ukafanya nini?

Mimi nilifahamu. Kubweka kule kulikuwa taarifa. Gome la mti lilikuwa taarifa. Lile duara la vumbi lilikuwa barua iliyoandikwa mbele ya dirisha langu kwa miaka miwili, na mimi, niliyesoma falsafa na teolojia, sikuweza kuisoma.

Utaniambia, “Lakini Padre, si ulimfunga? Si ndiyo kumtunza huko?” Ni kweli, mbwa mkubwa lazima azuiwe, na mbuzi wa mjane ni ushahidi. Lakini kufunga ni sehemu ndogo ya kutunza, nami nilifanya ile sehemu ndogo nikaiita kazi yote. Methali 12:10 inasema juu ya mtu mwenye haki kwamba huujali uhai wa mnyama wake. Uhai ni zaidi ya tumbo. Hata serikali yetu inalitambua hilo, ndiyo maana tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Sasa nitoke kwa mbwa niingie nyumbani kwako. Mtoto si mbwa, wala mke si mbwa, asinielewe mtu vibaya. Ninayemzungumzia ni mtunzaji, yule ninayefanana naye. Mara ngapi tunavutiwa na nguvu ya kiumbe, tunaichukua, tunaifunga, kisha tunashangaa inapotuumiza?

Nimekaa na wanandoa wengi ofisini. Kuna mwanaume aliyemkuta binti akiendesha duka lake la nguo, akampenda kwa uchapakazi wake. Baada ya harusi akamwambia afunge duka akae nyumbani. Miaka mitatu baadaye anamleta kwangu: “Padre, mke wangu amekuwa mkali, hatulali.” Kuna mzazi aliyeomba miaka mingi apate mtoto mwenye afya. Mungu akampa mtoto asiyetulia, anayefungua redio aone kilichomo, anayeuliza maswali katikati ya mahubiri, na dawa yake imekuwa kofi. Hata sisi viongozi wa parokia tunawasifu vijana wetu siku ya mahafali, kisha tunawapa kazi moja tu, kupanga viti. Wakiondoka kwenda kwingine tunasema vijana wa siku hizi wameharibika.

Ukipokea kiumbe, umepokea na jinsi Mungu alivyokiumba. Anayetaka uzuri wa mbwa wa mawindo bila mbio zake hajampokea mbwa huyo. Anapenda picha yake tu.

Najua kuna msomaji ananung'unika: watu hawana dawa, watoto wanakwenda shule bila viatu, na padre anahubiri mbwa! Una haki ya kuuliza, na Kanisa limejibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inafundisha kwamba ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu. Papo hapo inafundisha kwamba haifai kuwatumia fedha ambazo kwanza zingepunguza taabu za watu, wala kuwapa upendo unaowastahili watu peke yao. Angalia basi: alichonidai Simba hakikuwa fedha. Ugali alikuwa nao. Alikuwa ananidai saa moja ya asubuhi yangu.

Kwa hiyo bwana mifugo alimchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kila mwenye mbwa anapaswa kuifuata kila mwaka, akaondoka na sindano yake nyingine bila kuitumia. Vijana wa parokia walijenga uzio mrefu wa waya nyuma ya nyumba ya mapadre, wakauinua kupita kimo cha mtu. Mnyororo tuliutoa. Nami saa kumi na moja alfajiri, kabla ya Misa ya saa kumi na mbili na nusu, natoka na Simba kwa kamba nene hadi kwenye mashamba ya kahawa na kurudi, kama kilomita tano. Wiki ya kwanza alinivuta hadi nikaanguka kwenye tope, na mama mmoja aliyebeba ndizi alicheka hadi akatua mzigo wake.

Sikudanganyi kwamba amekuwa malaika. Akiona mbuzi, masikio yanasimama na mwili wote unakakamaa, nami nazungusha kamba mkononi mara mbili. Sijawahi kumwachia nje ya uzio na sitamwachia. Mama mjane akituona huvuka barabara, na ana haki. Lakini gome la mparachichi limeanza kuziba, na usiku tunalala. Kama unatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, na ua wako ni wa kuanika nguo, nakusihi usichukue mbwa wa namna hii hata ukipewa bure. Kukataa nako ni njia ya kumtendea haki.

Maandiko hayamtaji mbwa kwa heri mara nyingi. Lakini katika kitabu cha Tobiti, sura ya 6 na ya 11, kijana Tobia anasafiri na malaika Rafaeli bila kumtambua, na mbwa anakwenda nao. Anatajwa wakiondoka, anatajwa wakirudi. Hafanyi muujiza wowote. Anatembea tu pamoja nao. Zamani niliona ni pambo la hadithi. Siku hizi naona mwandishi yule alimfahamu mbwa.

Na katika kutembea huko nimewakuta watu ambao kwa miaka sita ya uparoko wangu sikuwahi kuwaona: walinzi wanaotoka lindo, akina mama wa sokoni, kijana anayerudi kutoka kwenye pombe akiwa na aibu. Kuna baba mmoja hajakanyaga kanisani miaka mingi. Alianza kwa kuuliza habari za mbwa. Siku hizi Jumanne hutusubiri darajani, tunatembea watatu hadi kwenye njia panda, tukizungumza habari za mvua na za wanawe. Bado hajaja Misani. Nami sijamwuliza. Miaka miwili nilidhani nimemfunga mbwa, kumbe hata paroko alikuwa hatoki.

Ndugu yangu, leo ukirudi kutoka kanisani, zunguka ua wako na nyumba yako. Tazama kama hakuna mahali ambapo gome limetafunwa na majani yamekufa kwa kuzungukwa. Ukipaona, usiulize kwanza ni nani mkorofi. Uliza, kama yule mzee alivyoniuliza mimi: huyu anakimbia saa ngapi?

Nawatakia Jumapili njema. Mungu mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.