Mashine inayojizalisha: Nakala ni mali ya nani?

ANAYEUZA jembe hana hofu kwamba mteja wake atageuka mshindani, kwa sababu jembe halizai jembe jingine. Bidhaa ikiweza kujizalisha, hesabu hiyo hubadilika.

Wazo la mashine ya aina hiyo si jipya. Mwaka 1948, mwanahisabati John von Neumann alieleza nchini Marekani kuwa mashine inayojizalisha inahitaji maelezo kamili ya muundo wake, pamoja na uwezo wa kuyafuata kujenga nyingine na kuipatia nakala ya maelezo hayo. Viumbe hai hufanya hivyo kwa kutumia DNA.

Viwanda bado havijafika huko. Printa ya RepRap, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ilichapa sehemu zake za plastiki, lakini mota zilinunuliwa na binadamu ndiye aliyeiunganisha. Mbegu inahitaji udongo, maji na jua tu.

Ndiyo maana mvutano huu ulifika mahakamani ukitokea shambani. Vernon Bowman, mkulima wa Indiana, alinunua soya ya kawaida kwenye ghala la nafaka, akaipanda na kuipulizia dawa ya magugu. Iliyostahimili dawa aliivuna na kuweka mbegu, msimu hadi msimu. Monsanto, iliyokuwa na hataza ya soya hiyo, ilimshtaki mwaka 2007.

Bowman alijitetea kuwa soya hujizalisha yenyewe. Mei 13, 2013, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikataa, wakisema aliyezalisha nakala ni mkulima. Alitakiwa kulipa dola 84,456. Hata hivyo, walitahadharisha kuwa hukumu hiyo haigusi kila bidhaa inayojizalisha.

Kiuchumi, pande zote mbili zina hoja. Bila ulinzi, kampuni ingeuza mbegu mara moja tu na fedha za utafiti zingekauka. Ulinzi ukizidi, mkulima hulipia kila msimu kile kilichoota shambani mwake. Mahindi chotara yamelimaliza suala hili bila mahakama: mbegu ya kuvuna hupungua nguvu, hivyo mkulima hurudi dukani.

Kwa hiyo suala si kama mgunduzi alipwe, bali alipwe kwa vizazi vingapi vya nakala. Ni vyema sheria zijibu hilo kabla mashine hizo hazijaingia sokoni, na wakulima wasikilizwe, kwani wao wameshalipia somo hilo.