Kazi yenye faida nayo inaweza kuachwa



Tangu nilipofunga kazi ya foto, swali ni lile lile, sokoni na kwenye likelemba: "Mama, kwani ilikuwa hailipi?" Ilikuwa inalipa. Foto ndizo zilizolipa minervali ya watoto na mabati ya nyumba yetu. Niliacha kwa sababu nilishikwa na uchovu ambao usingizi hauondoi. Wengi wenu mna kazi zinazoingiza pesa, iwe cherehani, mikate au mawese, kwa hiyo leo tuuzungumze uchovu huo.

Watu wanaona kubonyeza tu. Hawaoni kinachofuata. Arusi ni Jumamosi, foto zinatakiwa Jumatatu. Usiku wa katikati ndio wa kuchagua, kurekebisha na kutoa kwenye karatasi kabla batri haijaisha. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanataka foto ndogo za mtihani, wote siku moja. Idi niko kazini, Noeli niko kazini. Halafu kuna foto za matanga. Mtu anagonga mlango usiku, ameshika simu yenye sura ya marehemu, anaomba ikuzwe kabla ya maziko. Utamkataliaje? Unakaa na sura hiyo hadi alfajiri, kisha asubuhi unakwenda kuchekesha watu kwenye arusi.

Mwishowe bibi arusi akiingia, mimi nahesabu karatasi tu. Nyumbani watoto walianza kusema kwa sauti ndogo, kama kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Hali hii ina jina kwa waganga. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza kwamba si ugonjwa, bali ni jambo linalotokana na mzigo wa kazi uliodumu muda mrefu bila kupunguzwa. Alama zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kuwa mbali na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi tena kitu cha maana. Huo si uvivu. Lakini msikimbilie kujipima wenyewe. Malaria na upungufu wa damu pia huleta uchovu, kwa hiyo kwanza mwende kituo cha afya. Na mama anayelia kila siku au anayewaza kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Wakubwa kuliko sisi wamepitia hayo. Boniface Mwangi wa Kenya alikuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 alipiga picha za mauaji na nyumba zilizochomwa, na mwaka 2008 akapata tuzo ya CNN ya mpiga picha bora wa Afrika. Sifa alikuwa nazo, lakini moyo ulikuwa umeumia, naye amesimulia mwenyewe huzuni iliyomwelemea. Aliacha kazi ya gazeti. Mwaka 2009 alianzisha Picha Mtaani, akazitembeza picha zile kwa wananchi ili wazungumze juu ya yaliyotokea. Yeye aliona vita, mimi niliona arusi na matanga, siwezi kujilinganisha naye. Nimemtaja kwa sababu anaonyesha kwamba sifa na mshahara havimzuii mtu kuishiwa nguvu.

Sasa, namna ya kuacha. Kwanza nilihesabu faida upya. Niliondoa karatasi, wino na mafuta ya jenereta, kisha nikaondoa malipo ya msichana aliyepika badala yangu na dawa za kichwa na mgongo. Faida ilibaki, lakini ilikuwa ndogo kuliko tulivyosema. Pili, nilipunguza kabla ya kuacha: nikakataa kazi za usiku na kuchukua arusi moja kwa juma. Nguvu zikikurudia hapo, usiache, endelea hivyo hivyo. Kwangu hazikurudi. Tatu, nilimaliza madeni. Waliotanguliza pesa walipata foto zao, na zamu yangu ya likelemba ilikwisha kabla sijafunga. Nne, mashine nilimwachia binti niliyemfundisha, ananilipa kidogo kidogo. Mimi nimerudi kwenye mpunga.

Sitawaficha kwamba pesa imepungua. Nyama imekuwa ya mara moja moja, sombe ndiyo ya kila siku. Wifi zangu walisema nimechezea bahati. Lakini jioni nakula na watoto, nao wanapiga kelele.

Mama mjane asiye na shamba wala ndugu sitamwambia aache. Kwake kuacha ni njaa. Yeye anahitaji sisi. Kikundi kinaweza kuwapanga wamama wawili katika kazi moja, huyu juma hili, yule juma lijalo. Kinaweza kumtunzia watoto siku mbili ili alale. Hata soko letu la Nyangwe, lililojaa wanawake tangu siku alizokaa hapa David Livingstone mwaka 1871, halikuwa soko la kila siku. Lilikuwa na siku zake.

Kwenye mikutano yetu tunampigia makofi mama aliyeweka pesa nyingi, na ni vizuri. Mkutano ujao, pesa zikishahesabiwa, mwenyekiti aulize pia: nani hajalala vizuri juma hili? Atakayeinua mkono asichekwe. Tukae naye, tupange kazi yake pamoja.