Kisanduku cha Umeme Mezani pa Kijana

Mama mmoja msomaji wetu ametuandikia kwamba mwanawe wa miaka 15 ameunda, ndani ya kopo la biskuti la bati, kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, ili kuendeshea kipaza sauti cha madrasa. Babake asema kitupwe. Sisi twaona kisitupwe, wala kisichomekwe tena hadi kikaguliwe.

Utaratibu wake ni huu: transfoma hupunguza volti 240 hadi 15, dayodi nne hunyoosha mkondo, kapasita huulainisha. Hapo vijana wengi hustaajabu, maana mita husoma karibu volti 20, si 15. Kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi. Kidhibiti cha 7812 hushusha hadi 12, na volti 8 zilizobaki hugeuka joto. Mkondo ukifika ampea 1, hizo ni wati 8 juu ya kipande kidogo kuliko sarafu mbili. Kisipofungwa kwenye bati pana la alumini hujizima chenyewe kikizidiwa, kisha hurudi kikipoa, nasi twamlaumu mwadhini kwa kuvuta waya.

Hilo ni usumbufu tu. Linalotutia hofu ni kauli ya mama kwamba waya wa plagi una nyuzi mbili. Kopo la bati lahitaji uzi wa tatu, wa ardhi, uliokazwa kwa skrubu mahali palipokwanguliwa rangi. Na kwa chumvi ya pwani yetu, skrubu hiyo itazamwe mara kwa mara isiliwe na kutu. Pasipo uzi huo, waya wa moto ukichubuka na kugusa kopo, kopo zima hubeba volti 240, na mtoto aliyetoka kutawadha hulishika miguu ikiwa mibichi.

Fyuzi nayo iwe kwenye waya wa moto, kabla ya transfoma. Kwa transfoma ya wati 30 hivi, ya miliampea 250 inayochelewa kukatika yatosha. Ile ya ampea 13 iliyomo katika plagi huulinda waya. Transfoma ndogo yaweza kuungua nayo ikiwa nzima.

Mama ampeleke kijana kwa fundi wa umeme mwenye leseni, na kijana mwenyewe ndiye afungue kopo na kueleza. Madrasa itasubiri wiki moja.