Chama Kilikufa, Jina Likabaki

Penye mashamba makubwa ya chai na maelfu ya vibarua, msomaji angetazamia chama cha siasa cha wafanyakazi, pengine hata cha kikomunisti. Kericho mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1960, uhuru ulipokuwa ukinukia, kilichozuka ni Kalenjin Political Alliance, chama cha kabila na ardhi. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Taaitta Toweett, Mkipsigis na mtaalamu wa lugha.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Wakoloni walikuwa wamewagawia walowezi na makampuni ardhi nono, na kuanzia mwaka 1934 wakauhamishia ukoo wa Talai Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Makabila madogo yakajiuliza: Mzungu akiondoka, ardhi yetu atamwachia nani?

Lakini mchuma chai hakuwa Mkipsigis peke yake. Wajaluo, Wakisii na Waluhya nao walibeba vikapu. Chama kilichouliza ardhi ni ya nani hakikuwa na jibu kwa aliyeuliza mshahara ni kiasi gani.

Juni 1960 kiliungana na vingine kuunda KADU, nacho KADU kikavunjwa mwaka 1964. Jina Kalenjin, lililoanza kuenea miaka ya 1940, likabaki, likiwaunganisha Wakipsigis, Wanandi na jamaa zao.

Swali la ardhi nalo lilibaki. Mwaka 1992 na 2008 waliolijibu kwa mishale na moto waliwafukuza majirani zao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.