Tupande mtandamboo majumbani, tusiwaachie watoto pori



Ndugu wazazi na wanafunzi, wengi wetu tuliolelewa vijijini hapa Uganda tuliijua muyonza kabla hatujajua kusoma. Kwa Kiswahili ndio mtandamboo, kile kichaka cha miiba chenye matunda madogo meusi na matamu. Leo vichaka vinafyekwa kwa ajili ya kuni, mashamba na viwanja, na watoto wetu wanakua bila ya kuvijua.

Kutovijua kuna hatari. Porini upo pia msunguti, ambao majani na matunda yake yanafanana sana na ya mtandamboo. Huo ni sumu kali, na wawindaji wa zamani walipaka sumu yake kwenye mishale. Yote miwili hutoa maziwa meupe, basi maziwa si alama. Alama ni miiba: mtandamboo unayo, msunguti hauna. Mtoto asiyefundishwa hili atachuma chochote kilicho cheusi.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba kila nyumba yenye kiwanja, na kila madrasa, ioteshe mtandamboo wake kwa mbegu. Mtoto aliyeulea mti tangu mche hawezi kuuchanganya na mwingine.

Kazi yenyewe si ngumu. Tuchume matunda yaliyoiva kabisa, tukiwa pamoja na mzee anayeujua mti. Kila tunda lina mbegu chache, kwa kawaida 2 hadi 4. Tuzikamue, tuzioshe mpaka nyama yote itoke, tuzianike kivulini, kisha tuzipande zikiwa bado mpya katika udongo uliochanganywa na mchanga na samadi, kina cha kama sentimita 1. Tuweke kivuli na kumwagilia kidogo kidogo. Miche ikipata nguvu, ihamishwe mvua za Machi au Septemba zinapoanza. Kwa ua, nafasi ya nusu mita inatosha. Ila tuikinge na mbuzi, kwani wanapenda majani yake machanga.

Wako watakaosema: mti huu unachelewa, bora seng'enge. Ni kweli unachelewa, na matunda yatahitaji subira ya miaka. Lakini seng'enge hununuliwa, hushika kutu na haimlishi mtu. Mtandamboo ukishashika mizizi huvumilia kiangazi, huzuia mifugo, na hulisha watoto na ndege. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mti anaoupanda Muislamu, akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake.

Basi likizo ijayo, badala ya watoto kukaa bure, tuwape kila mmoja mche wake autunze. Na kabla ya yote, tuwaonyeshe ile miiba.